Kafa Ulaya inarudi Ulaya: nani huchagua nguo za mtoto wa safari?

Wasee, kila Julai hapa Kiamaiko kuna kesi moja ambayo haiishi. Familia fulani imepata viza. Shangazi wa Minneapolis au mjomba wa London ametuma tiketi, na shule zikifungwa Agosti mama na watoto wanapanda ndege wakakae wiki tatu. Mtaani tunasema wanaenda samaa. Kabla hata mtu aulize pasipoti ziko wapi, vita vya nguo vimeanza. Mama anataka binti avae vile huvaa siku ya Idd. Binti anataka jinzi pana na hudi. Kijana anataka jezi ya Arsenal na raba nyeupe ambazo hazitakuwa nyeupe zikifika Juja Road. Mzee naye anasema jambo moja tu: nunueni makoti, majuu kuna baridi.

Hiyo ya baridi tuimalize haraka. Julai ndio mwezi wa baridi kuliko yote hapa Nairobi. Sisi ndio tunatetemeka. Huko Minnesota Julai na Agosti watu wako na kaptura, wanaogelea ziwani. Uingereza, tarehe 19 Julai 2022, kipimo cha joto kilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika historia yao. So mtoto anatoka Embakasi na koti zito, anashuka upande ule jasho linamtoka kama mchoma nyama. Koti limetoka wapi basi? Limetoka kwa picha za theluji ambazo shangazi alituma Januari. Tunavalisha watoto kwa kufuata picha, kalenda hatuangalii.

Sasa hiyo story ya picha ndiyo imenileta hapa. Mimi chuo niliacha, lakini kusoma sikuacha, na nimekuwa nikifuatilia vijana wetu waliovuka bahari tangu zamani na kile walichokuwa wamevaa. Kila mara nakuta swali ni lile lile. Nani alichagua hiyo nguo, na alichagua kwa ajili ya macho ya nani?

Anza na mtoto anayeitwa Kalulu. Mwaka wa 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Tabora, kwenye safari ya kumtafuta Livingstone. Mfanyabiashara Mwarabu akampa mtoto mtumwa kama zawadi. Ndiyo, zawadi, vile mtu angekupa mbuzi. Jina la mtoto lilikuwa Ndugu M'Hali. Likabadilishwa likawa Kalulu. Mwaka uliofuata Stanley akaenda naye Uingereza, halafu Marekani. Huyo ni mtoto ambaye hata miaka ya ujana alikuwa hajaifikia vizuri, na tayari anazungushwa dunia akiwa sehemu ya maonyesho.

London wakaingia studio ya picha. Stanley amevaa kama mtu aliye porini, mtoto amesimama kando yake, na nyuma yao kuna mandhari ya Afrika iliyochorwa kwa rangi. Fikiria hiyo kitu. Mtoto ametoka Afrika halisi, amesafiri baharini wiki na wiki, anafika London anavalishwa "Afrika" na kusimamishwa mbele ya Afrika ya kuchora. Nje ya studio anavalishwa nguo za kitoto za Kizungu ili watu waone vile Stanley amemlea. Nguo zote mbili zilichaguliwa na mtu mmoja, na zote mbili zilikuwa za kumsifu huyo mtu mmoja. Aprili 1874 Kalulu alikuwa Westminster Abbey kwenye mazishi ya Livingstone. Mwaka wa 1877 alikufa maji kwenye maporomoko ya mto Kongo, bado akiwa na Stanley, bado ni kijana mdogo. Maporomoko yakapewa jina lake. Lile jina la kupewa.

Nimeitazama hiyo picha mara nyingi kuliko inavyofaa. Kitu kinachonisumbua ni kwamba ukitoa bunduki na pazia, inafanana sana na picha ambazo wazazi hupiga watoto wao leo siku ya kwanza majuu. Simama hapo. Shika hiyo. Usikunje uso. Tuma nyumbani. Tofauti ni kubwa sana, najua, mzazi si Stanley na mtoto si mtumwa. Lakini anayepigwa picha kwa nguo ambayo hakuichagua huwa na macho fulani, na wewe unayajua.

Miaka michache kabla ya Kalulu kulikuwa na Salme wa Unguja. Huyu hakuwa mtoto maskini. Alikuwa binti wa Sultani Sayyid Said, amezaliwa 1844, amekulia kwenye majumba ya Mtoni. Akampenda mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akapata mimba, na Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Alikuwa karibu kufikisha miaka 22. Mei 1867 akabatizwa Emily na kuolewa siku hiyo hiyo, halafu safari ya Hamburg. Kutoka hapo mavazi ya kila siku yakawa ya Kizungu: gauni la kubana, kofia, viatu vya kufunga. Binti ambaye nyumbani hakutoka nje bila kujifunika uso, sasa anatembea barabarani watu wakimtazama wazi.

Na bado, kuna picha yake maarufu iliyopigwa studio huko huko Hamburg, mwaka wa 1868 hivi, akiwa na mavazi kamili ya Kiunguja, suruali na kanzu ya nakshi, kichwa kimepambwa. Ile ilikuwa nguo yake ya kawaida. Ilichukua miaka miwili tu ya kuishi ugenini ikawa vazi la kuvaliwa mbele ya kamera. Alipochapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka wa 1886, Wazungu walizinunua kwa hamu ya kujua maisha ya ndani ya nyumba za Sultani. Nguo yako inaweza kuwa vazi nyumbani, ikavuka maji ikawa onyesho. Hilo halihitaji mtu mbaya. Linahitaji tu watazamaji wapya.

Kuna waliolijua hilo wakalitumia. Kenyatta alifika London mara ya kwanza 1929, akarudi tena 1931 na kukaa hadi 1946. Siku za kawaida alikuwa mtu wa suti. Lakini kitabu chake cha Facing Mount Kenya kilipotoka 1938, alipigwa picha amejifunga ngozi begani, anajaribu ncha ya mkuki kwa kidole. Huyu ni mtu aliyekuwa anasomea anthropolojia na Malinowski. Miaka michache nyuma alikuwa amelipwa kuigiza kama mmoja wa umati kwenye filamu ya Sanders of the River, amevalishwa "mwenyeji". Kwa hivyo alijua kabisa ngozi na mkuki vinasema nini kwa Mzungu. Safari hii alivivaa kwa hesabu zake mwenyewe, kuuza hoja zake mwenyewe. Unaweza kuipenda hiyo picha au usiipende, mimi kwa kweli naona kuna ucheshi ndani yake, lakini aliyechagua anajulikana.

Kabla hujasema mama wa Kiamaiko anayelazimisha binti yake avae vizuri ni mshamba, ngoja tupite Pwani kidogo.

Zamani za utumwa kule Unguja na Mombasa, nguo ilikuwa kama kitambulisho. Mtumwa alivaa kidogo, kitambaa duni, merikani isiyotiwa rangi au kaniki nyeusi. Hiyo merikani jina lake linakuambia ilikotoka: pamba ya viwanda vya Marekani, iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts tangu miaka ya 1830. Kufunika kichwa na kuvaa viatu mbele ya mabwana hayakuwa mambo ya mtumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja mwaka wa 1897, na upande wa Kenya mwaka wa 1907, wanawake walioachwa huru walifanya nini? Waliingia madukani. Waliacha kaniki wakavaa kanga za rangi, baadaye buibui. Hakuna aliyehitaji kuandika tangazo. Ukimwona mtu amejifunika vizuri, unajua huyo si wa kuamrishwa tena.

Sasa rudi bara. Kuanzia mwaka wa 1920 serikali ya mkoloni iliwavalisha vijana wa kiume wa Kiafrika kitu kimoja kwa lazima: kipande, kile cheti ndani ya kijaluba cha chuma, kinaning'inia shingoni kwa kamba. Na kabla ya hapo, Vita vya Kwanza vya Dunia, walichukua vijana kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi. Wengi wao hawakurudi, na magonjwa, njaa na baridi viliwamaliza kuliko risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo tunaliita Kariokor hadi leo, hapo tu mbele ya Gikomba. Unapita ukienda kununua jinzi na hukumbuki. Vita vya Pili, vijana wa KAR wakapelekwa hadi Burma, na huko walivaa kile jeshi liliwapa. Koti zito la kijeshi tunaliita kabuti. Mlinzi wa usiku mtaani kwenu bado analo.

Kwa hivyo mama anapomwambia mtoto "huwezi toka kwa hii nyumba ukikaa hivyo, watasema umetoka wapi," hajaanza leo. Kwa vizazi kadhaa, mtu mweusi aliyevaa vibaya kwa mlango wa mwenye mamlaka alikuwa na hatari. Uwanja wa ndege una mlango, na mlango una mtu mwenye muhuri.

Hapo ndipo wanaingia vijana wa 1959. Septemba mwaka huo, ndege moja ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda New York. Ni mpango aliousukuma Tom Mboya akiwa na miaka 29 tu, pamoja na marafiki zake Wamarekani. Jackie Robinson wa besiboli, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango. Mwaka uliofuata familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000 kupitia wakfu wao, na kufikia 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka kwa njia hiyo. Wangari Maathai alikuwa kwenye kundi la 1960, na miaka 20, akielekea chuo cha masista huko Atchison, Kansas.

Tafuta picha zao. Vijana wa kiume wako na suti na tai. Wasichana wako na magauni ya heshima, wengine na makoti mkononi. Hawa si watoto wa matajiri. Wengi wametoka vijijini ambako mtu wa kwanza kuvaa tai alikuwa mwalimu au mhubiri. Mpango ulilipia ndege. Mambo mengine mengi yaliangukia familia na majirani, wakauza ng'ombe, wakaandaa chai ya mchango. Kwa hivyo ile suti haikuwa ya yule kijana peke yake. Ilikuwa ya watu wote waliotoa shilingi. Na ukivaa nguo iliyonunuliwa na kijiji kizima, huwezi sema haikutoshi kwapani.

Halafu kuna kitu nakipenda kwenye maisha ya Wangari. Msichana aliyepelekwa Kansas kwa michango na maombi ya watu, mwaka wa 2004 alisimama Oslo kupokea Nobel ya Amani. Desemba, Norway, baridi ya kweli kweli. Amevaa vazi la Kiafrika la rangi kali na kitambaa kichwani cha kufanana. Safari hiyo hakuna aliyemwambia avae nini.

(Mwaka huo huo wa 2004, kwa wale hamkumbuki, serikali na wadau walikuwa wanazunguka nchi kutafuta vazi la taifa la Kenya. Likabuniwa, likazinduliwa kwa mbwembwe, likafa kimya. Ndio maana mtoto wa Kenya akiambiwa shuleni huko majuu "njoo na vazi la kwenu", anatokea na shuka ya Kimaasai hata kama kwao ni Kiamaiko na babu yake ni Mborana wa Marsabit.)

Sasa tuje kwa nguo zenyewe, juu hapo ndipo historia inakuwa vichekesho.

Wazee wetu waliita nguo za mtumba "kafa Ulaya". Yaani kuna mtu alikufa huko Ulaya, na hii ni nguo yake. Waghana nao wana msemo wa maana hiyo hiyo, wa nguo za Mzungu aliyekufa. Watu wa Accra na watu wa Nairobi hawakukaa kikao, walifikia jibu moja kila mtu kivyake: mtu mzima mwenye akili hawezi kutoa koti zuri hivi akiwa hai.

Kwa muda mrefu serikali ilizuia mitumba isiingie kama biashara, ili viwanda vya hapa vipate soko. Tulikuwa na Kicomi kule Kisumu, Rivatex kule Eldoret. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, belo zikamiminika kupitia Mombasa, viwanda vikaanza kufunga mmoja baada ya mwingine. Rivatex ilifungwa, na mwaka wa 2007 ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi. Gikomba ndiyo ikavimba. Wakati ule ule, dola ya Somalia ilipoanguka 1991, wakimbizi na wafanyabiashara wakajaa Eastleigh, na nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikageuzwa vyumba vya maduka, bidhaa zikitoka Dubai. Ndivyo mtoto wa Eastlands alivyopata masoko mawili ya nguo kwa umbali wa kutembea: Gikomba ya kamera na fagia, na Eastleigh ya diraki, abaya na jinzi mpya za plastiki.

Mwaka wa 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe kufikia 2019. Marekani ikatishia kuwanyima soko la AGOA. Kenya ikajiondoa kwenye hiyo mipango. Rwanda ikakaza, na mwaka wa 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya ushuru wa nguo. Hebu soma hiyo tena polepole. Nchi iliadhibiwa juu ya kusema haitaki nguo kuukuu. Mimi navaa mitumba, luku zangu zote mnazozisifu ni Gikomba, na siwezi kujifanya nataka soko lifungwe, watu wangapi wanakula hapo. Soko hilo limeungua mara ngapi, Juni 2018 moto uliua watu 15, na bado asubuhi watu walirudi kupanga meza. Lakini usiniambie ni uchaguzi huru.

Sasa fikiria safari ya jaketi moja. Mtoto wa Minneapolis analichoka, mama yake analitoa sadaka kwa duka la mitumba la huko. Lisiponunuliwa, linauzwa kwa kilo, linafungwa kwenye belo, linakuja kwa meli hadi Mombasa, linapanda lori, linafunguliwa Gikomba alfajiri, na mchuuzi anapiga kelele "kamera! kamera!" Mama wa Kiamaiko analinunua kwa ajili ya safari. Binti yake analivaa ndani ya ndege, anarudi nalo Minneapolis. Na binamu yake akimpokea anamuuliza, wow, umelitoa wapi? Maana siku hizi vijana wa huko nao wanatafuta nguo kuukuu kwa makusudi, ndiyo fasheni, wanapiga video wakichagua. Sisi tumekuwa tukichagua tangu hawajazaliwa.

Na usicheke upande mmoja tu. Ile sutikesi ingine, ya mama, imejaa diraki, baati na mashungi mapya kutoka Eastleigh, zawadi kwa shangazi. Minneapolis iko na Karmel, jengo zima la maduka ya Wasomali, na nguo hizo hizo zimening'inizwa mlangoni. Ni kama mtu atoke Westlands akuje kutuuzia sisi mbuzi. Lakini shangazi atazipokea na atalia kidogo, juu hazijatoka dukani, zimetoka nyumbani.

Safari pekee ambayo sijawahi kusikia watu wakigombania nguo ni ile ya Makka. Mwanamume ni vitambaa viwili vyeupe visivyoshonwa, tajiri na maskini sawa, mjadala umefungwa. Mwaka jana mzee mmoja wa hapa sokoni alienda Umra na begi dogo la mgongoni, kila mtu akashangaa. Safari zingine zote, nguo ni kesi.

Msimamo wangu sasa, kwa wale mnaopenda kuniuliza kwa inbox. Mtoto wa miaka 14, 15, 16 achague nguo zake za safari. Mama awe na neno kwa nguo moja tu: ile ya siku ya kusafiri, ya kupita kwa mwenye muhuri. Hiyo naikubali juu mama anajua kitu kuhusu milango ambacho mtoto bado hajakijua, na nimeshaeleza alikitoa wapi. Nguo zingine ni za mwenye mwili. Huyo mtoto anaenda kukaa wiki tatu na mabinamu ambao hawajawahi kumwona, wa rika lake, kwa lugha ambayo kwake ni ya shule na kwao ni ya kitandani. Atajipima kila dakika. Ukimvalisha kwa ajili ya picha ya kutuma huku Kiamaiko, umemwacha peke yake kule. Na hoja ya dini si kizuizi, wasichana wa huko wanavaa hijabu na jinzi pana na wanacheza mpira nayo. Muulize binti yako anataka kujisitiri vipi. Huenda ana jibu zuri kuliko lako.

Na mpeleke mwenyewe sokoni. Si duka la mtu unayemjua, si kuletewa. Mpeleke Gikomba asubuhi mapema belo zikifunguliwa, ajifunze kukagua zipu na kwapa, apatane bei, apeleke kwa fundi apunguze miguu. Akifika huko na mtu amuulize nguo umetoa wapi, atakuwa na story yake.

Jirani zetu wa ploti ya nyuma wamesafiri wiki jana, mama na wawili, binti wa 16 na kijana wa 14. Nilisaidia kubeba mizigo na kabla ya hapo nikaitwa kusikiliza kesi, juu kwa sababu fulani watu wanaamini mtu wa kontenti anajua mambo ya nguo. Mama alikuwa amenunua makoti mawili makubwa, moja la kijani lenye manyoya shingoni. Sutikesi ilikuwa imepita kilo 23 kwa mizani ya muuza nyama, tena mizani ya kuaminika, mbuzi wa Moyale wamepimwa hapo. Ndani kulikuwa na kopo la nyirinyiri lililofichwa kati ya mashungi, na ilibidi nimweleze mama kwamba nyama haiingii Marekani, itachukuliwa mlangoni na atatozwa faini juu. Aliniangalia kama mimi ndiye nimetunga hiyo sheria.

Binti hakusema kitu. Alichukua simu akampigia shangazi yake kwa video, saa hiyo huko ilikuwa saa nne asubuhi, shangazi ako nje kwa uwanja na shati la mikono mifupi, jua kali. Akamgeuzia mama simu. Mama akatazama. Akauliza, "Kwani huko hakuna baridi?" Shangazi akacheka mpaka simu ikaanguka.

Nyirinyiri ilibaki, tumeimaliza. Binti alisafiri na jinzi yake pana, shati jeupe refu la kamera na shungi la bluu ambalo mama alilichagua na yeye akalikubali bila kelele. Kijana alivaa Arsenal. Yale makoti niliyarudisha Gikomba siku iliyofuata, na mwenye meza akayachukua kwa nusu ya bei, akayatundika hapo hapo mbele yangu na kuanza kuita wateja.